Msiba Niliokataa Kuuondoa Mutaho

Ninyi vijana mnaojua kusoma kuliko mimi, kaeni chini msome polepole. Tangu nirudi kutoka Mutaho mnanisimamisha kila mahali, kisimani, mlangoni pa kanisa, hata juzi nikiwa na mihogo kichwani: "Bibi, ni kweli ulimfukuzia shemeji yako wageni? Ni kweli ulimwaga pombe?" Sikumwaga pombe ya mtu. Shule nilisoma kidogo tu, nikatolewa nilee wadogo zangu, lakini kalamu naijua, na uongo unaozunguka hapa Mwakiro umenichosha. Atakayeniuliza tena baada ya karatasi hizi nitajua hakusoma, na sitamjibu.

Kwanza mumjue Esperansi. Binti yangu wa Gitega, "yule anayepima miti." Mnalisema hilo mkicheka, na mimi nawasikia.

Tulipokuwa kambini Tanzania, kuni tulizifuata mbali, na kila mwaka mbali zaidi. Esperansi alikuwa msichana mdogo, mzigo kichwani, anauliza: "Mama, tukiondoka, huu msitu utarudi?" Nilimwambia abebe kuni afunge mdomo. Kuni alibeba, mdomo hakufunga. Alisomea misitu hukohuko Tanzania, wakampeleka Ulaya kwenye baridi, akarudi na udaktari wake. Amani ilipokuja na sisi tukarudi Burundi, wenzake wenye vyeti kama chake walitafuta ofisi yenye zulia. Yeye alitafuta msitu wa baba yake.

Uko Mutaho, juu ya bonde, kwenye sehemu ya marehemu mume wangu Petero. Ni msitu mdogo wa miti ya asili. Tulipokimbia, hakubaki mtu wa kuukata wala wa kulima pembeni yake, basi ukajipanua wenyewe. Esperansi aliutaka kwa sababu hiyo: ajue msitu unarudije watu wakiondoka, na watu wakirudi wachukueje kuni bila kuumaliza. Kila mti aliupigilia kibati kidogo, akauzungushia kamba ya kupimia usawa wa kifua, mwaka hadi mwaka. Chini ya matawi alitandika nyavu za kudakia mbegu zinazoanguka. Watu wa mlima, maana kwetu mlima ndio kijiji, walisema anatega popo. Mke wa shemeji yangu akaona nyavu ni nzuri, akaanikia maharage.

Siku moja simu ikalia. Esperansi hakusalimia hata. "Mama, baba mdogo Zakaria anataka kuukata msitu wote achome matofali. Ametangaza siku ya kumwondolea baba msiba, na siku hiyohiyo wanaingia na mapanga."

Nikasema nakuja. Sikujua nakuja kufanya nini.

Kutoka Mwakiro

Mwanangu Metodi alinipeleka kwa pikipiki hadi Muyinga mjini. Tulipofika kituoni ndipo akafungua moyo.

"Mama, usiende kugombana. Baba mdogo anafanya vizuri. Msiba ukishaondolewa, ardhi ya baba inagawanywa, na sisi tunapata kipande chetu Mutaho. Hapa Mwakiro tunabanana kama maharage kwenye chungu."

"Na dada yako?"

"Dada ana mshahara. Miti ataikuta kwingine. Burundi haina miti?"

Kama angekuwa mdogo ningemchapa pale mbele ya wauza parachichi. Nilichukua mfuko wangu nikaingia kwenye gari bila kumuaga. Lakini alichosema ni kweli, mkijue: kwetu mali ya marehemu haigawanywi, wala haiguswi, mpaka ukoo ukutane, wazee wanywe, mjane akiwepo na kukubali, ndipo msiba unaondolewa. Warundi tunaita kuganduka. Petero tulimzika Tanzania. Mutaho hapajawahi kunywewa kitu kwa ajili yake.

Karuzi, juu ya mkaa

Gari lilikuwa dogo, lile la viti vya kukunja, na dereva alikuwa mtu wa tamaa. Kabla hatujafika Karuzi alisimama njiani akaanza kupakia magunia ya mkaa. Nyuma kukajaa. Akaja mlangoni kwangu.

"Mama, inua miguu kidogo. Ni magunia mawili tu."

"Niinue niiweke wapi? Shingoni kwako?"

"Mama, mkaa hauumi."

Abiria wakacheka, nami nikasafiri magoti yakigusa kidevu. Fikirieni. Nimepanda gari niende kuokoa msitu, na miguu yangu imekanyaga msitu wa watu wengine uliokwisha chomwa. Nilimwambia dereva hivyo. Akaongeza sauti ya redio.

Pembeni yangu alikaa mwanamke wa Kongo, Mama Furaha, mchuuzi wa vitenge kutoka Uvira, mwenye robota kubwa mapajani na kitambaa cheusi kichwani.

"Mama muzee, unaenda fasi gani?"

"Gitega, kwa binti yangu."

"Anatumika kazi gani?"

"Ni daktari wa miti."

Akanishika mkono. "Docteur wa miti! Mungu njo amenipatia weye. Mi niko na mugongo inaniuma tangu Uvira. Anapatiaka batu mizizi ao majani?"

"Hatoi dawa. Anapima miti inavyokua."

"Anapima, halafu?"

"Halafu mwaka unaofuata anapima tena."

Mama Furaha alinitazama kwa huruma. "Pole sana, mama. Mais, aliolewaka?"

Nikageukia dirishani.

Karuzi mvua ilitunyeshea, na dereva akasema hatuondoki mpaka ipungue, maana mkaa ukilowa ana hasara. Sisi abiria tukilowa hana hasara. Tulijificha chini ya bati la muuza nyama choma. Mama Furaha, pamoja na maneno yake, ana mkono uliokunjuka: alinunua nyama ya mbuzi na ndizi za kuchemsha, akanisogezea sahani. Nilimuuliza habari ya kitambaa cheusi.

"Bwana yangu alikufa zamani. Bandugu yake habajakuya kunitosha kilio. Sasa niko tu vile. Hata kiti yake siwezi uzisha."

"Hawajakuondolea msiba? Lakini kiti chake tu, kwa nini?"

"Eh, mama! Kilio haijaisha, utagusa vitu ya mutu namna gani? Mukwe wangu anataka ile kiti mpaka analia. Namwambia, leta bandugu kwanza. Benyewe wanaogopa kulisha batu, basi kiti iko palepale, na mutu haiikalie."

Niliacha kutafuna. Yeye alidhani nyama ni ngumu, akaomba kisu.

Musinzira

Esperansi anakaa Musinzira, nyumba ndogo safi, ila huwezi kuweka kikombe mahali. Kila sahani ina mbegu. Mbegu dirishani, mbegu juu ya friji, mbegu kwenye chombo nilichomletea kikisubiri harusi yake. Alinipikia maharage na ndagala, dagaa wa kwetu, akasahau chumvi. Nikajua mtoto wangu ana shida, kwa sababu mpishi ni yeye kuliko mimi.

"Ofisini kwako wamesemaje?"

"Wamesema ardhi ni ya familia, wao hawaingilii. Wamesema nitafute mlima mwingine."

Mlima mwingine! Mama ana mtoto mgonjwa, unamwambia atafute mtoto mwingine? Nilipiga meza mbegu zikaruka, akainama kuziokota moja moja, na akaanza kulia akiwa kulekule chini ya meza.

"Mama, miti ile nilianza kuipima nywele zangu zikiwa nyeusi. Miaka ya mwanzo haikuniambia kitu. Mti haujali kama mtafiti ana haraka. Sasa ndiyo imeanza kunijibu. Upande mmoja niliwaachia wanawake wa mlima waokote kuni zilizokufa, upande mwingine nikawaomba wasiguse. Nalinganisha. Nikipewa muda kidogo nitaweza kuwaambia, chukueni kiasi hiki kila mwaka, na watoto wenu watakuta msitu. Si hapo tu. Kila mlima ambao watu wamerudi wanatafuta kuni. Wakikata sasa, nimepoteza yote. Siwezi kuanza upya. Umri huu sina mwingine."

"Zakaria ulimweleza hivyo?"

"Nilimweleza. Akasema mimi nimeolewa na miti, na binti hana neno kwenye ardhi ya ukoo."

"Na mimi mjane nina neno?"

"Kuhusu miti? Hapana, mama."

"Kuhusu baba yako?"

Akatoka chini ya meza. Akafuta macho.

Asubuhi, kabla hatujaondoka, hodi. Mama Furaha na mgongo wake. Alikuwa ameulizia nyumba ya daktari wa miti mtaa kwa mtaa. Esperansi alimpa chai, akamweleza yeye si mganga, akamshauri abadilishe bega la kubebea robota. Mama Furaha alikunywa chai yote, akasimama, akaangalia zile sahani.

"Mbegu yote hii, na hata mutu moja haumuponyeshi," akamwambia. "Weye dada, utajibu siku ya mwisho."

Esperansi alicheka kwa mara ya kwanza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha choka na kila mtu kumwambia binti yangu kazi yake ingepaswa kuwa nini.

Njia ya Mutaho

Pikipiki mbili zilitupeleka mpaka tope likazishinda. Kutoka hapo tulichukua baiskeli. Kwenye mteremko mwenye baiskeli anakubeba, kwenye mlima unashuka unasukuma naye, na mimi sielewi huyo anayebebwa ni nani. Nilimwambia wangu, "Baba, hapa mimi nimekodi baiskeli au baiskeli imenikodi?" Akasema, "Bibi, tunasaidiana." Shati lake lilikuwa limelowa jasho, nikasukuma.

Kwenye senta ya Mutaho watu walitoka madukani kunipongeza. Mke wa fundi cherehani alinikumbatia. "Mama Esperansi, umefika kuondolewa msiba! Tumekushonea kitenge!" Akanionyesha: cheupe chenye maua, vipimo vyangu alivipata kwa kukisia na alikisia mtu mnene. Mwingine akaniambia ndizi za pombe zilivundikwa tangu lini, nani kaalikwa, nani kakasirika hakualikwa. Mlima mzima ulijua habari ya msiba wa mume wangu. Ni mimi tu niliyesikia kwa binti yangu, kwa simu, akilia. Zakaria mwenyewe alinipigia siku mbili baadaye, na hakutaja mti hata mmoja.

Kwa Petero

Nilianza kuona tanuri kabla ya kuona watu. Matofali mabichi yamepangwa marefu pembeni ya msitu, na vile vishimo vya chini vya kutilia moto viko wazi, vinasubiri. Vijana wamekaa juu ya magogo, mapanga mapajani. Na mti mmoja, mkubwa, ulikuwa umekwisha lala. Hawakuweza kungoja.

Esperansi aliuendea. Alipapasa gome akakuta kibati chake. Kisha akatoa kamba mfukoni akaupima pale ulipolala, polepole, kama alivyoupima miaka yote ukiwa umesimama.

Zakaria akacheka. "Jamani! Anapima maiti."

Shemeji yangu Zakaria ni mtu wa kuokoka, anavaa koti kwenye jua, na alikimbilia kambi nyingine, si yetu. Alinisalimia vizuri, akaniweka kwenye kiti. Wazee wa mlima, bashingantahe, walikuwa wameketi na fimbo zao. Mitungi ya pombe ya ndizi imefunikwa majani. Wageni wengi.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "tulikungoja wewe tu. Wazee watasema maneno mawili, pombe itaonjwa, msiba wa kaka utakuwa umekwisha. Halafu vijana waingie kazini, mvua isije ikayayeyusha matofali. Tunamjengea kaka nyumba ya heshima, hapahapa kwake."

"Petero alizikwa Tanzania. Nyumba hiyo atalala nani?"

Zakaria akavuta koti lake. "Mwanangu anaoa," akasema.

Mtu akakohoa kuficha kicheko. Nilisimama. Magoti yalikuwa yanauma kwa ule mkaa wa jana, lakini nilisimama.

"Wazee wangu, nawashukuru kwa kuja. Lakini msiba huu siuondoi leo. Mimi ndiye mjane, na sijamaliza."

Zakaria alidhani ni uzee. "Shemeji, kaa, umechoka na safari."

"Nimechoka, na nimekataa."

"Unakataa nini? Wewe msiba uliumaliza zamani kambini! Niliambiwa na watu waliokuwepo. Mliondoa matanga, ukavaa kitenge cha manjano!"

"Kama niliumaliza, hawa watu umewaitia nini? Na kama niliumaliza, mbona hukuniita mimi na wanangu tugawane kabla hujakata mti?"

Mzee mmoja wa bashingantahe, aliyekuwa anaitazama mitungi tangu mwanzo, akaniuliza taratibu: "Kule kambini mlifanyaje, mama?"

"Tuliimba, tukasali, tukanywa chai."

"Chai."

"Na maandazi. Mchungaji alikataza pombe."

"Mtu wa ukoo wa mlima huu alikuwepo?"

"Hata mmoja. Kila mtu alikuwa kwenye kambi yake."

Mzee aliwageukia wenzake, wakanong'onezana. Akarudi kwangu. "Basi siku hiyo mlikunywa chai."

Watu wakaangua kicheko, Zakaria akanyanyuka. "Wazee, mimi nimeokoka, huyu shemeji ameokoka, pombe hii mwenyewe siinywi. Leo yeye ndiye wa kudai pombe?"

"Sidai pombe," nikamwambia. "Sijawahi kuionja na sitaionja. Nadai niulizwe. Miaka yote hii hukuja Mwakiro hata kuniambia pole. Umemkumbuka kaka yako ulipohitaji kuni."

Hapo ndipo aliposema neno ambalo nataka mlijue, kwa sababu hakulisema kwa uongo. Alisogea karibu, akasema taratibu, "Unajua unachojifanyia? Utabaki mjane wa msiba. Harusi hutacheza. Ukoo hautakaa na wewe. Na wanao hawatapata hapa hata mahali pa kupanda kitunguu, mpaka ukubali."

"Najua."

Esperansi alinivuta nguo. "Mama, usijifanyie hivi kwa ajili yangu."

"Nyamaza. Nilikuambia unyamaze tangu ukiwa mdogo, leo unisikie mara moja."

Wazee walisema neno lao: msiba haujaondolewa, mjane hajakubali, mali ya Petero haiguswi, atakayeingiza panga humo atajibu mbele yao. Mti uliokatwa ubaki pale ulipo. Vijana wakashuka kwenye magogo. Mvua ikaanza, wanawake wakakimbia kufunika matofali kwa majani ya migomba, nami nikawasaidia, kwa sababu tofali ni jasho la mtu na halikunikosea.

Pombe? Waliinywa. Hawakuinywa kama pombe ya msiba, waliinywa kama pombe. Mpaka jioni walikuwa wananiimbia. Kitenge cheupe nilikiacha kwa mke wa fundi, akikunje akiweke.

Esperansi alibaki msituni. Nilipomuaga alikuwa anatoa maharage ya mke wa Zakaria kwenye wavu wake wa mbegu, anayatia kwenye kikapu, asije akayapoteza.

Nyumbani

Njia ya kurudi haina la kusimulia, gari lilijaa nanasi na hakuna aliyenisemesha. Mwakiro nilimkuta Metodi mlangoni. Habari zilikuwa zimenitangulia kwa simu.

"Mama, umetunyima ardhi ya baba yetu."

"Nimewanyima."

"Kwa ajili ya miti!"

"Kwa ajili ya dada yako, na ya kuni za watu ambao hujawaona. Ardhi iko palepale, haina miguu."

"Na ukifa je? Baba mdogo anangoja hilo tu. Siku tutakayoondoa msiba wako ataondoa na wa baba humohumo, na mapanga yataingia kabla ya jioni."

Huyu mtoto ana akili akikasirika. Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilikula kwanza, viazi vitamu vilivyobaki, nikanywa maji. Kisha nikawaita wote waje ndani, Metodi, wadogo zake, wake zao, na wajukuu wanaoelewa, wakasimama ukutani maana viti havitoshi. Nikawaambia:

"Siku nitakapokufa, mtanizika haraka kama mnavyotaka, hata bila jeneza. Lakini msiba wangu hamtauondoa kwa haraka. Atakayekuja na mtungi mlangoni hapa, awe Zakaria au awe nani, mtamwambia bado mnalia. Mtalia mpaka Esperansi awaambie amemaliza kupima."